Sonona si ugonjwa wa Wazungu

Dhana kwamba Mwafrika hapati sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha (depression), ina historia yake. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliieneza mwaka 1953 katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani. Alitegemea zaidi wagonjwa waliofikishwa hospitalini, na aliyejikunyata kimya nyumbani ni nadra kupelekwa huko. Lakini Thomas Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, na wenzake waliwafuata Wayoruba vijijini karibu na Abeokuta, Nigeria. Mwaka 1963 wakaripoti dalili za sonona tele. Mgonjwa huenda asitaje huzuni kabisa: atasema kichwa kinawaka moto, kama wadudu wanatambaa ndani, usingizi hauji. Inaniuma kwamba hata leo, Lagos na London, wapo wanaopewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani bila kuulizwa moyo ukoje.