Spika nzuri si suala la “kila mtu na sikio lake”

Miaka nenda miaka rudi husemwa kwamba uzuri wa spika hauna mjadala, eti kila mtu na sikio lake. Si kweli kiasi hicho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti, walichapisha jaribio la spika zilezile, zikifichwa nyuma ya pazia na zikionekana. Zilipoonekana, zile kubwa za bei ghali zilipanda alama na ile ndogo ya plastiki ikashuka. Majaribio ya pazia yameonyesha mara nyingi kwamba wengi hupenda spika isiyokuza wala kufifisha sehemu yoyote ya sauti.

Ubishi wa nyumbani hutokana zaidi na ulinganishaji mbovu. Spika iliyozidi mwenzake kwa ukubwa wa sauti, hata kwa desibeli 1 tu, huonekana “safi” zaidi, kwa hiyo pima na usawazishe hadi tofauti ishuke chini ya 0.5. Zibadilishane nafasi ileile, moja moja, kwa wimbo uleule: ukiisogeza moja kwenye kona, besi huvimba, na hapo unahukumu chumba, si spika.

Kiasi cha besi, hapo ndipo ladha hutofautiana kweli.