"Oili ya elfu kumi" bado inataka kupimwa

"Nimeweka ya elfu kumi," yaani oili inayosemwa inadumu kilomita 10,000. Mwenye gari akishasema hivyo, boneti haifunguliwi tena mpaka zitimie. Imani hii inaua injini nzima kabisa.

Namba ya kwenye kibandiko haijui hali ya injini yako. Chukua Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ-FE: pamoja na filta, inabeba lita 3.7 tu za oili. Ringi za pistoni zikichoka ikawa inakula nusu lita kila kilomita 1,000, ukifika 4,000 umebaki na lita 1.7. Hata kama ni oili ya sintetiki halisi (iliyoundwa kiwandani idumu zaidi ya ile ya kawaida), ni kidogo mno: inapata moto kupita kiasi, na gari likikata kona kali pampu inavuta hewa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, presha imeshashuka na beringi za kranki zinasagika. Injini ikinoki, lawama zinakwenda kwa oili, eti ilikuwa feki.

Halafu kuna foleni. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa ni saa 333 za kazi. Kwa 75 kwa saa ni saa 67. Mita inasoma namba ileile, oili imetumika mara tano zaidi. Toyota wenyewe huko Japani, kwa injini za petroli zisizo na tabo, wanaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kisha kwa matumizi magumu wanakata nusu: 7,500 au miezi sita. Vumbi, safari fupifupi na kusimama injini ikinguruma ndiyo matumizi magumu yenyewe.

Kwa 1NZ ya mjini, weka sintetiki 5W-30, badili kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na filta mpya kila mara. Na kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa dipstiki, ifute, ichomeke mpaka mwisho, uichomoe tena. Ikisoma karibu na L (alama ya chini), ongeza robo lita, subiri dakika chache, pima upya. Usivuke F (alama ya kujaa).

Utasikia na mengine mtaani. "Imekuwa nyeusi, imekufa." Hapana. Imeshika masizi yasigande ndani ya injini, ndiyo kazi yake. Kwenye dizeli huwa nyeusi mapema sana.

"Kwetu joto, weka 20W-50," yaani oili nzito kuliko 5W-30. Thamostati inashikilia joto la injini palepale, uwe Tanga au Njombe. Oili nzito inachelewa kupanda juu asubuhi, na VVT-i, mfumo wa Toyota unaopanga muda wa vali kwa presha ya oili, inategemea vijia vyembamba na chujio dogo.

"Ukishaanza sintetiki hurudi nyuma." Unarudi vizuri tu kwenye oili ya kawaida, zinachanganyika. Ila fupisha muda wa kubadili.

Na acheni kuosha injini kwa ndani kwa dizeli. Inayobaki kwenye vijia inapunguza unene wa oili mpya kabla gari halijatoka gereji.