Kiwanja hakiungui jamani

Mimi ni ajenti wa bima, na wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Safari hii ni kijana wa Shela hapa Lamu, nyumba yao ya ghorofa mbili na makuti juu, ataka kukata bima, namuuliza thamani ya nyumba ni ngapi akanambia "weka milioni thelathini ami, ndio bei aliyotwambia mzungu mmoja aliyetaka kuinunua". Nikamuuliza hiyo ni pamoja na kiwanja? Akasema ndio, si nyumba yakaa juu ya kiwanja. Siku mbili kabla yake ndugu mwengine wa mtaa wa Langoni kanambia nimuandikie milioni tatu tu, manake "moto hauli nyumba nzima, ukila sana ni vyumba viwili, tatu zatosha". Yule wa kwanza atalipia ardhi kila mwaka na ardhi haiungui. Huyu wa pili anajikata mguu mwenyewe na hajui, na ndiye anayenifanya niandike haya leo, manake wa aina yake nakutana nao kila mwezi, Lamu na Malindi, na maneno ni yale yale.

Basi someni. Ile thamani unayoandika kwenye fomu ni gharama ya kuijenga nyumba hiyo hiyo upya, leo, hapo ilipo. Si bei ya soko, si deni la benki, si pesa ulizojengea mwaka 2009, wala si hasara unayodhani yaweza kutokea. Ni nyumba nzima, kuanzia msingi.

Na ukiandika pungufu, kuna kitu kinaitwa averaji. Kipo kwenye karibu kila hati ya bima ya nyumba hapa Kenya, kimeandikwa kwa herufi ndogo na hakuna anayekisoma. Nitakieleza kwa kisa cha mama mmoja hapa mjini, jina lake nalihifadhi.

Moto haukuanzia kwake. Ulikuwa ni msimu wa kaskazi, upepo umekaza, makuti ya nyumba ya tatu yakashika na cheche zikaruka juu kwa juu mpaka kwake. Vichochoro vyetu mwavijua, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, gari la zimamoto litapita wapi. Watu wakapanga mstari wa ndoo toka pwani. Paa likaenda lote, chumba cha juu kikaenda, boriti za dari ya chini zikaungua kwa sehemu na maji ya chumvi yakamalizia kuta. Mimi nikaja kesho yake asubuhi na kampuni ya bima ikamleta asesa wake, yaani mkadiria hasara. Mama amekaa barazani na bahasha mapajani, ndani yake risiti zote toka 2013, hajakosa mwaka hata mmoja, zimefungwa kwa uzi mweupe. Kanambia, "mwanangu, nimekata ya milioni tano, fundi asema hasara ni tatu, basi wanipe tatu yangu, hizo mbili mimi sizitaki."

Asesa akapima nyumba nzima. Kuijenga upya ni milioni 12 na nusu. Tano kwa 12 na nusu ni asilimia 40. Yaani machoni mwa kampuni mama amekata bima ya asilimia 40 ya nyumba yake, hiyo 60 iliyobaki ameibeba mwenyewe, na hesabu hiyo inatumika kwa KILA hasara, iwe kubwa au ndogo. Asilimia 40 ya milioni tatu ni milioni moja na laki mbili. Kabla ya kutoa ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye nyumba hubeba mwenyewe. Mimi ndiye niliyemsomea hiyo namba pale barazani, na aliniangalia kama nimemuibia.

Nyinyi mnaosema "hasara haifiki nusu", mmeona? Hiyo tatu aliyoandika yule ndugu wa Langoni haimpi tatu. Yampa sehemu ya kila kitu.

Sasa niseme ambalo vitabu vya bima havisemi. Sababu ya averaji naielewa, kwamba anayelipia nusu nyumba asichote mfukoni sawa na aliyelipia nyumba nzima, ni haki. Lakini roho yangu haijatulia nayo. Kampuni ilipokea premiamu, yaani ada ya bima, ya thamani ile ile ya milioni tano mwaka baada ya mwaka, haikutuma mtu hata siku moja kuja kuangalia, futi ya kupimia ikatolewa siku ya klemu, yaani siku ya kudai fidia. Nimelisema hili kwenye mikutano na nitazidi kulisema. Na sisi maajenti tuna letu, wengi wetu twaogopa kumwambia mteja apandishe thamani manake premiamu itapanda na atatukimbia. Mimi nimelifanya hilo zamani na silifanyi tena.

Haya, gharama yenyewe yapatikanaje. Hapa Lamu usinakili bei ya kujenga ya Mombasa wala ya Malindi. Saruji na mabati yashukia Mokowe, yavushwa kwa boti, kisha hamali na punda mpaka mlangoni, na kila hatua ina bei yake. Boriti za mikoko nazo si za kuokota, mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti misitu ya umma na mikoko ikawa ndani, mafundi walikaa na kazi nusu nusu. Kifusi pia watu hukisahau kila mara. Nyumba ikianguka yale mawe lazima yatoke, Malindi ni lori moja kwa moja, hapa ni punda, magunia na magunia, siku baada ya siku. Iandikishe gharama ya kuondoa kifusi, na ya mchoraji ramani pia, kama hazijatajwa kwenye hati usidhani zimo. Na mji wa kale uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2001, hutojenga upya kwa matofali ya saruji kwa vile ni rahisi, watu wa makumbusho watakuja, utatakiwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Hapo kwa nyumba za kale ndipo penye ugumu ambao hata mimi naumia nao. Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, plasta iliyochongwa kwa mkono, mlango wa mababu, hiyo bei yake ni ngapi? Nimewahi kuwauliza mafundi watatu kuhusu ukuta mmoja na bei ya juu ilikuwa mara tatu ya bei ya chini, na wote watatu ni mafundi wa kweli. Mimi huchukua ya juu. Premiamu yaongezeka kidogo, lakini averaji haikupati. Baadhi ya hati husamehe upungufu ukiwa umefikisha asilimia 85 ya thamani, uliza kama yako inayo, na uliza iwe kwa maandishi.

Makuti sasa. Kwenye fomu kuna pahali pa kuandika paa ni la nini. Andika makuti. Najua bima ya makuti ni ghali zaidi, na najua kuna ajenti atakayekwambia andika "zege" kwa vile chini ya makuti kuna dari ya zege au ya boriti na chokaa. Huo ni uongo kwenye fomu na siku ya moto kampuni ina haki ya kukataa klemu nzima. Nzima, si paa peke yake. Kiegemeo cha makuti cha jikoni uani nacho kitaje.

Wa Malindi, nyinyi shida yenu ya kwanza ni nyumba tupu. Mwenyewe yuko Italia, aja Disemba na Agosti, miezi mingine yuko askari wa getini tu. Hati nyingi zina kipengele cha nyumba isiyokaliwa, mara nyingi siku 30, zikipita bila kuiarifu kampuni wizi haulipwi na mengine pia yaweza kuondoka. Askari wa nje si mtu anayekaa ndani. Barua moja tu kwa kampuni kabla ya kusafiri na nakala ukae nayo.

Mengine haraka haraka. Benki ikikukatia bima kwa ajili ya mkopo, hiyo ni ya jengo, kitanda na friji yako haimo. Mchwa, chumvi inayokula nondo na bahari inayomega ukuta polepole hakuna anayelipa. Vurugu na ugaidi ni kava, yaani kinga, ya peke yake, na kwa Lamu msiniulize kwa nini yahitajika. Moto ukitoka kwako ukala kwa jirani, hiyo nayo ina sehemu yake ndani ya bima ya nyumba, na kwa nyumba zilivyobanana hapa sielewi mtu aiachaje. Msaidizi wa nyumbani ana sehemu yake pia. Anayetaka takaful, bima ya Kiislamu, ipo, ila thamani yapigwa vile vile. Na "nitalipa mwisho wa mwezi" haipo, kifungu cha 156 cha sheria ya bima chasema kava haianzi mpaka pesa ilipwe.

Yule mama alijenga. Wanawe wakachanga, chumba cha juu kikarudi, makuti ameweka nusu tu upande wa baharini. Mwezi uliopita nilikwenda na fundi wake na futi, tukapima chumba kwa chumba, yeye nyuma yetu akishika ncha ya futi, tukapiga picha kila kidaka na kila mlango. Ikatoka milioni 13 na laki nne. Akauliza mara mbili kama kiwanja kimo, nikamwambia hakimo mama. Akalipa siku hiyo hiyo, akafungua ule uzi mweupe, akaitia risiti juu ya zile za zamani.