Ukungu hauzimi rangi za majani

Wapiga picha wengi kuanzia Mlima Elgon hadi msitu wa Kakamega huamini kwamba ukungu ukishuka, kamera irudi mfukoni hadi jua litoke, kwa kuwa rangi za majani huonekana tu kwenye jua.

Kwa kweli jua kali la saa sita ndilo huzifubaza. Ngozi ya jani hung'aa, na mng'ao ule mweupe hufunika rangi. Ukungu hutawanya mwanga, vivuli vikalainika, na jani la krotoni lililogeuka rangi ya machungwa likajitokeza vizuri. Linganisha mwenyewe: piga jani lilelile kwenye ukungu wa asubuhi, kisha adhuhuri, ukiwa umesimama palepale.

Ukungu hupunguza rangi za vitu vya mbali tu. Kwa hiyo sogea, mita tatu hadi tano kutoka kwenye tawi, na miti ya nyuma uiache ififie.

Picha nyingi za ukungu hutoka za kijivu, na hapa ndipo lawama huanzia. Kamera huona weupe mwingi ikapunguza mwanga. Kwenye simu, gusa jani, kisha sukuma alama ya jua juu kidogo. Kwenye kamera, ongeza mwanga hadi +1 kwa kitufe chenye alama ya +/-. Zima flashi, maana humulika matone ya maji na kujaza picha madoa meupe. Jani likiwa na maji, kichujio cha polaraizi, kioo cha kuzungushwa kinachofungwa mbele ya lenzi, hupunguza mng'ao uliobaki. Kizungushe polepole ukitazama rangi ikikolea. Lenzi nayo hushika unyevu, hivyo ipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kila picha.