Kayaki Ziwa Nyasa: yanayosemwa Matema na yaliyo kweli

Haya ni kwa wanaopanga safari ya kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, ili kuchangisha msaada kwa zahanati ya kijiji.

Dhana: "Hili ni ziwa tu, si bahari."

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na kina chake kinafika karibu mita 700. Matema ipo ncha ya kaskazini, upande wa Tanzania. Upepo wa kusini-mashariki, ule ambao wavuvi wa Malawi huuita mwera, ukivuma huko kusini, mawimbi hukua njia nzima hadi Kyela. Ndiyo maana yanaweza kupiga ufuko kwa kishindo wakati hapo hapo jani la mgomba halitikisiki. Mwera hushika hasa Mei hadi Agosti, msimu ambao wengi hupanga safari kwa kuwa mvua imepungua. Ingia majini saa 12 alfajiri, na kabla ya saa 5 uwe umeshavuta kayaki mchangani.

Dhana: "Nikiambaa na ufuko sina hatari."

Inategemea ufuko upi. Mashariki ya Matema, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Mawimbi hugonga mwamba na kurudi, na pa kutua ni pachache. Kayaki yenye mzigo huenda kilomita 4 hadi 6 kwa saa, kwa hiyo waulize wavuvi kila mahali pa kutua kabla hujaondoka. Upande wa magharibi ni tambarare, lakini kuna midomo ya mito kama Lufilyo na Mbaka. Hapo wazia mamba na kiboko, upite mbali.

Dhana: "Kayaki ni nguvu za mikono."

Ni kiuno na miguu. Kanyaga vikanyagio, zungusha kiwiliwili, shika kafi kwa ulegevu. Anayevuta kwa mikono huishiwa mapema.

Dhana: "Najua kuogelea, jaketi la nini?"

Jaketi huvaliwa; lililofungwa nyuma ya kayaki halimsaidii mtu. Ukipinduka, shika kayaki na kafi, maana kayaki tupu hupeperushwa haraka kuliko unavyoogelea. Ile ya kukalia juu igeuze, jivute ulale kifudifudi katikati huku ukipiga miguu, kisha geuka ukae. Ile ya kuingia ndani: inama mbele, vuta kamba ya sketi ya kuzuia maji inayofunika tundu la kukalia, sukuma nyonga utoke. Mwenzako apandishe ncha ya mbele ya kayaki yako juu ya kayaki yake, amwage maji, aigeuze, aiweke sambamba na kuishikilia kwa uzito wake wote wakati unapanda.

Mbinu hii hushindikana kayaki isipokuwa na vyumba vya hewa mbele na nyuma: hujaa hadi haiinuliki. Ijaribu kabla ya safari: ijaze maji makusudi kwenye kina cha kiunoni. Ikizama upande mmoja, funga ndani tyubu zilizojazwa upepo, au iache.

Dhana: "Mchanga mweupe hauna kichocho."

Huko Cape Maclear, Malawi, konokono wa kichocho cha mkojo ameonekana hata kwenye mchanga wa ufuko wazi. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inayomezwa siku ya kurudi haiui minyoo michanga; pima na utibiwe wiki 6 hadi 8 baadaye.

Dhana: "Ahadi za kila kilomita ndizo zinazochangisha vizuri."

Hii ndiyo tunayoiogopa kuliko mamba. Sh 5,000 kwa kilomita, safari ya kilomita 40, ni Sh 200,000. Upepo ukikuzuia kilomita ya 12, mfuko unapata Sh 60,000, na kila mpiga kafi atapiga hesabu hiyo akiwa ndani ya mawimbi. Ahadi iwe ya kiasi kamili, ilipwe kabla ya kuondoka, isidai mtu afike popote. Kukodi kayaki, mafuta ya boti ya kusindikiza na chakula vilipwe na washiriki wenyewe, kwenye daftari jingine. Mkitaka kubana matumizi, punguzeni washiriki. Boti ya injini ibaki.

Dhana: "Tutabeba msaada wenyewe kwenye kayaki."

Picha itapendeza, lakini mzigo mzito juu huyumbisha chombo, na dawa haipendi jua wala maji. Kwanza mtendaji wa kijiji na mganga mfawidhi wa zahanati waseme kinachokosekana. Nunueni Mbeya mjini kwa risiti, mpeleke kwa gari au boti, na makabidhiano yaandikwe na kusainiwa mbele ya kamati ya kijiji.