Je, wajua kwa nini KNUT, Chama cha Kitaifa cha Walimu Kenya, ilizipiga vita shule ambazo wanachama wake hawafundishi?

Kuanzia 2009, shule za mabati zenye rangi ya kijani zilichipuka Mukuru kwa Njenga, kisha mitaa mingine ya Nairobi. Zilikuwa za Bridge International Academies, kampuni iliyoanzishwa na Wamarekani na kutoza karo ndogo kila mwezi. Walimu wake hawakuajiriwa na serikali. Iweje basi KNUT, chama cha walimu wa serikali chenye makao yake Mtaa wa Mfangano, kikeshe kikipambana nazo?

Wengi watakwambia ni wivu. Mimi nasema tazama kwanza karatasi ya mshahara.

Mwalimu wa serikali, awe Westlands au Wajir, ana mwajiri mmoja: Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Ada ya chama hukatwa juu kwa juu kabla pesa hazijafika benki, kwa hiyo chama hakizunguki kuchangisha. Kikitoa notisi ya mgomo, ya siku 7 kisheria, shule za nchi nzima hutikisika kwa mpigo. Oktoba 1997, uchaguzi ukibisha hodi, katibu mkuu Ambrose Adeya Adongo aliwatoa walimu madarasani na serikali ya Moi ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200. Ilikuwa ilipwe kwa awamu. Mwaka uliofuata walimu walikuwa barabarani tena wakidai salio.

Shule za kampuni ziko nje ya mpango huo wote. Bridge ilimpa mwalimu kishikwambi chenye somo lililoandikwa makao makuu, neno kwa neno: sema hivi, andika hiki ubaoni, sasa pita katikati ya madawati ukague madaftari. Anayesoma maagizo hayo si lazima awe amepitia chuo cha ualimu. Hapo KNUT ikashtuka. Ikiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa malipo ya chini, chama kitadai nyongeza kwa hoja gani?

Mwaka 2016, KNUT na shirikisho la vyama vya walimu duniani, Education International, walitoa ripoti iliyosema wengi wa walimu wa Bridge hawakuwa wamesajiliwa na TSC. Mwaka 2017 kampuni ikakishtaki chama pamoja na katibu mkuu wake, Wilson Sossion, ikidai kuharibiwa jina. IFC, mkono wa Benki ya Dunia unaowekeza katika kampuni binafsi, ulijiondoa Bridge mwaka 2022.

Lakini tusimlaumu mzazi wa Mukuru. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, madarasa ya serikali yalifurika, na mitaa ya mabanda ilikuwa na shule chache za umma tangu hapo. Isitoshe, utafiti wa Michael Kremer na wenzake wa 2022 ulionyesha watoto wa Bridge Kenya walijifunza zaidi kuliko wenzao. (Na walimu wangapi wa serikali wanawasomesha wanao shule za binafsi? Wao wenyewe wanajua.) Kwa hiyo hoja ya alama peke yake haiwasaidii sana KNUT. Hoja yao yenye mashiko ni ya ajira.

Ajabu ni kwamba pigo zito kuliko yote halikutoka kwa kampuni. Mwaka 2019, baada ya mvutano wa kortini kati ya chama na TSC kuhusu kupandishwa vyeo, walimu waliobaki KNUT walinyimwa na tume nyongeza za mkataba wa pamoja wa mishahara. Wakahama kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kilishuka chini ya 20,000 kufikia 2021, na pamoja nao zikaenda ada.

Na ile kazi ya bei nafuu iliyoogopwa Mukuru iliingia kupitia TSC yenyewe. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9), waliosomea ualimu na kusajiliwa, walifanya kazi ileile ya wenzao kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mei wakaandamana Nairobi. Januari 2025 takriban 46,000 walipewa ajira ya kudumu, huku TSC ikichukua wanagenzi wengine 20,000.