“Subiri maonyesho yafungwe, umfuate mchoraji mwenyewe”: wanunuzi wa picha za uhalisia Marekani wanavyojidanganya

Dhana hii huibuka kila maonyesho ya picha za uhalisia, yaani zilizochorwa zifanane na vitu halisi, yanapokaribia kwisha, na huletwa kwa kunong'onezwa, kana kwamba ni siri. Nyumba ya sanaa inachukua nusu ya bei. Basi subiri picha zishushwe ukutani, mtafute mchoraji kwenye Instagram, mpe ile nusu yake mkononi. Yeye hapotezi kitu, wewe umeokoa, na dalali abaki anakodoa macho.

Asilimia 50 ni kweli. Hiyo ndiyo kamisheni ya kawaida katika nyumba za sanaa za Marekani zinazoonyesha wachoraji walio hai, na picha ya dola 8,000 humwachia mchoraji 4,000. Wanapokosea ni pale wanapoichukua hiyo 4,000 kuwa ndiyo bei ya picha. Bei ni 8,000. Hiyo 4,000 ni mgawo wa mmoja kati ya watu wawili waliofanya kazi ili picha ikufikie.

Bei hizi hazikisiwi, wala hazihesabiwi kwa saa mtu alizokaa na brashi. Wachoraji wengi hupima kwa inchi. Anayetoza dola 5 kwa inchi ya mraba atauza picha ya inchi 16 kwa 20 kwa dola 1,600, na ya 30 kwa 40 kwa 6,000, labda chini kidogo, maana kiwango hulegezwa picha inapokuwa kubwa. Kiwango hicho hakina budi kiwe kilekile ukutani, studio na kwenye tovuti yake. Siku anapokuuzia wewe kwa dola 2.50 kwa inchi, ameshatangaza bei mpya, na picha ya kwanza kushuka ni hiyo iliyoning'inia sebuleni kwako. Ukitaka kuikatia bima au kuiuza baadaye, mthamini ataomba ankara. Wewe huna, au unayo inayosema nusu.

Halafu kuna mkataba. Picha ziko pale kwa mali kauli. Nyumba ya sanaa haikuzinunua. Sheria ya jimbo la New York inaenda mbali zaidi: picha aliyoikabidhi msanii, pamoja na fedha za mauzo yake, ni amana inayoshikwa kwa niaba yake. Kwa hiyo tuache kuongea kama vile msanii ameshikwa mateka. Ila na yeye ana ahadi zake. Mikataba mingi inadai kamisheni kwa mauzo yanayotokana na maonyesho hata miezi kadhaa baada ya kufungwa, na mingine inahesabu hata mauzo ya studio. Anayekukubalia kwa siri anavunja mkataba, na mambo haya hujulikana, kwa sababu wanunuzi wa uhalisia ni wachache na wanasimuliana. Akiondolewa kwenye orodha ya wachoraji wa nyumba hiyo, hakuna tena anayemwandalia maonyesho, anayemtafutia wanunuzi wapya, wala anayelinda bei ya picha uliyojivunia kuipata rahisi.

Nafuu ipo, tena kwa mlango wa mbele. Omba orodha ya picha na bei kabla ya ufunguzi. Kwa kawaida hutumwa kwa barua pepe siku kadhaa au wiki kabla. Anayesubiri usiku wa ufunguzi hukuta vidoti vyekundu, alama ya picha iliyouzwa, vimeshabandikwa kwenye picha zote za maana. Ukipenda moja, omba uwekewe saa 24 au 48, kisha ujibu ndani ya muda huo, hata kama jibu ni hapana. Kama fedha ni ngumu, uliza malipo ya awamu: miezi 3 hadi 6 bila riba si jambo la ajabu, ila picha haitoki mpaka dola ya mwisho ilipwe. Punguzo la asilimia 10 huweza kupatikana kwa mnunuzi wa mara kwa mara, au anayechukua mbili kwa pamoja. Uliza mara moja, kwa adabu. Hapa si gulioni, na anayeanza na asilimia 30 hataletewa orodha ya maonyesho yajayo.

Ukishalipa, kagua ankara kabla ya kusifu fremu. Iwe na jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, vipimo bila fremu (kimo kwanza, kisha upana), namba ya kumbukumbu ya nyumba ya sanaa, na aina ya rangi pamoja na kilichochorewa, mathalani “rangi za mafuta juu ya lineni”. Ankara iliyoandikwa “picha moja” haina kazi. Picha yenyewe itabaki ukutani hadi maonyesho yaishe, wiki 4 hadi 6 mara nyingi.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

“Nitaipeleka anwani ya jimbo lingine nikwepe kodi.” Kodi ya mauzo jijini New York ni asilimia 8.875. Picha ikisafirishwa kweli kwenda jimbo lingine hutozwi hiyo, lakini jimbo lako kwa kawaida lina kodi yake ya matumizi, inayolipwa kwa kitu ulichonunua nje ya jimbo. Na picha iwe ndani ya sanduku. Dennis Kozlowski, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Tyco, alishtakiwa mwaka 2002 kwa kukwepa kodi ya zaidi ya dola milioni 1: masanduku matupu yalikwenda New Hampshire, picha zenyewe zikawa nyumbani kwake Manhattan.

“Ikifanana na picha ya kamera ndiyo bora.” Si lazima. Mchoraji Richard Estes huunganisha picha kadhaa za kamera ili kila kitu kionekane kwa ukali uleule, jambo ambalo lenzi moja haiwezi. Andrew Wyeth alichora “Christina's World” mwaka 1948 kwa tempera ya yai (rangi iliyochanganywa na kiini cha yai), nyasi moja moja, na hakuna kamera inayotoa kitu kile. Kwenye maonyesho, simama mita 3 kisha sogea hadi sentimita 30. Vivuli vilivyo vyeusi tii bila rangi ndani yake, au majengo yaliyopinda pembeni kama yanavyopindishwa na lenzi, ni dalili ya mtu aliyenakili bila kutazama.

“Ina sahihi na namba, basi ni halisi.” Sahihi huenda ni halisi, lakini lebo ikisema “giclée”, picha ni chapa ya printa ya wino, hata iwe juu ya turubai na imepakwa jeli juu. Lenzi ya kukuza mara 10 itakuonyesha vitone.

“Nimeinunua, naweza kuichapa kwenye fulana.” Huwezi. Kwa sheria ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978, kununua picha hakukupi hakimiliki. Hiyo hubaki kwa mchoraji mpaka aihamishe kwa maandishi.

“Ni uwekezaji.” Picha aliyoichora Edward Hopper mwaka 1929 iliuzwa dola milioni 91.9 mwaka 2018, na tangu hapo kila mtu anayo Hopper yake kichwani. Picha nyingi za wachoraji walio hai haziingii kabisa kwenye minada mikubwa. Hata ukipata faida, serikali kuu hutoza kodi ya hadi asilimia 28 ya faida hiyo kwa kazi ya sanaa uliyokaa nayo zaidi ya mwaka.

“Picha mpya nitaipaka vanishi nikifika nyumbani.” Rangi ya mafuta inayogusika bila kuchafua kidole bado haijakauka ndani. Vanishi ya mwisho ya jadi husubiri miezi 6 hadi 12, na anayejua siku ya kuanza kuhesabu ni mchoraji, kwa hiyo umuulize kupitia nyumba ya sanaa. Usiitundike juu ya tanuri la kuotea moto, japo Wamarekani wanapapenda sana mahali hapo: joto na masizi. Na unapoihamisha, weka kwanza karatasi laini ya glasini, kisha plastiki ya mapovu, mapovu yakitazama nje. Yakigusa rangi changa yanaacha miduara ambayo haitoki.